Inveta ama skroli ya dijitali: ipi inakula stima kidogo?

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu hivi. Mliouliza kama blogu imekufa, haijafa. Nilikuwa nasoma kuhusu viyoyozi. Kabla hujafunga ukurasa huu ukatafute makala ya Linux, nipe dakika kumi, kwa sababu ndani ya lile sanduku linalonguruma juu ya paa mna kidhibiti, mna sensa chungu nzima, na mna ubishi wa kupanga kazi ambao yeyote aliyesomea tarakilishi ataufahamu mara moja.

Chanzo ni mjomba wangu. Ana jengo la ofisi la ghorofa tatu Mombasa, viyoyozi vyake vya ukutani vimechoka, na ameletewa bei mbili za mtambo wa VRF. Akanipigia simu: "Mjomba, si wewe ndiye msomi wa kompyuta? Hebu niangalizie hizi karatasi." (Kwa jamaa zangu digrii ya tarakilishi inatosha kurekebisha simu, televisheni, redio ya gari, na sasa hata viyoyozi.) Bei ya kwanza ni ya mtambo mpya wenye kompresa za inveta. Ya pili ni ya mtambo uliokwisha kutumika ukakarabatiwa, wenye skroli ya dijitali, na ni nafuu kwa zaidi ya laki nne. Muuzaji wa kwanza anaapa kwamba mashine yake itakata bili kwa asilimia 60. Wa pili anasema hakuna tofauti, zote mbili zinapunguza na kuongeza kazi kadiri ya joto. Maoni yangu, baada ya majuma matatu, ni kwamba wa kwanza ana bidhaa nzuri na hesabu mbovu, na wa pili anatumia neno "kupunguza" kufunika mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

VRF kwa ufupi: mashine moja ya nje inapeleka gesi ya kupozea kwa mabomba hadi vyumba vingi, na kila chumba kina valvu ya elektroniki inayoamua kiasi cha gesi kinachoingia. Daikin walianza kuuza mtambo wa namna hii Japani mwaka 1982 wakauita VRV, na kwa kuwa jina hilo ni lao, wengine wote wanasema VRF. Chumba kimoja kikiwa tupu na kingine kina watu kumi, mashine ya nje inatakiwa itoe gesi inayohitajika tu, si zaidi. Swali lote liko hapo: kompresa inapunguzaje kazi, na ikipunguza, stima inapungua kwa kiasi gani?

Tuanze na skroli yenyewe, maana ni kifaa kizuri mno. Kuna misokoto miwili ya chuma, mmoja umetulia na mwingine unazunguka ndani yake bila kujipindua, na gesi iliyonaswa kati yao inasukumwa kuelekea katikati huku nafasi ikizidi kuwa finyu. Mfaransa Léon Creux alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Lilikaa kwenye makaratasi kwa miongo mingi kwa sababu hakukuwa na mashine za kuchonga misokoto hiyo kwa usahihi uliotakiwa. Copeland walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1987. (Mnaolalamika kwamba wazo lenu la programu limekaa miaka miwili bila mwekezaji, poleni.)

Skroli ya dijitali ni skroli hiyo hiyo yenye ujanja mmoja. Valvu ndogo ya umeme inafunguka, msokoto wa juu unanyanyuka kama milimita moja, na papo hapo gesi inaacha kubanwa. Mota haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, ila haifanyi kitu. Valvu ikifungwa, msokoto unashuka na kazi inaendelea. Chukua mzunguko wa sekunde 20: sekunde 10 kazini na sekunde 10 umenyanyuka, umepata nusu ya ubaridi. Sekunde 5 kazini na 15 umenyanyuka, umepata robo. Mwenzangu uliyewahi kufifisha taa ya LED kwa kuiwasha na kuizima haraka haraka, ni mbinu hiyo hiyo. Samsung waliitumia kwenye mitambo yao ya DVM miaka ya 2000 kabla ya kuhamia inveta.

Tatizo ni ile mota inayozunguka bure. Ikiwa imenyanyuka bado inakula takriban asilimia 10 ya stima ya kazi kamili. Ni sawa na programu inayosubiri kwa kuzunguka ndani ya kitanzi kitupu badala ya kulala. Unaiona kwenye orodha ya michakato, inakula prosesa, na hakuna inachozalisha.

Inveta inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Stima ya kawaida inageuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja, kisha bodi inaikatakata upya kuwa mawimbi ya frikwensi inayotakiwa, na mota inazunguka polepole au haraka kulingana na frikwensi hiyo. Ukitaka nusu ya ubaridi, kompresa inakwenda kwa takriban nusu ya kasi. Hasara ipo: bodi yenyewe inapoteza asilimia chache kama joto, ndiyo maana ina mapezi ya kupoza. Muuzaji wa mtambo wa pili alilishikilia hilo sana. "Inveta inapoteza stima kwenye bodi, dijitali haina bodi." Ni kweli, lakini amesahau koili.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na ndipo wazoefu wa tarakilishi tunaweza kupotoka. Kwenye prosesa kuna hoja inayojulikana: maliza kazi haraka kisha ulale, maana ukilala hutumii karibu chochote. Nilidhani kiyoyozi ni hivyo hivyo. Sivyo. Kompresa hailipwi kwa wingi wa gesi pekee, inalipwa pia kwa kimo inachoipandisha gesi hiyo, yaani tofauti ya joto kati ya koili ya ndani iliyo baridi na koili ya nje iliyo moto. Fikiria mtu anayechota maji kisimani: ndoo ni zile zile, lakini kisima kikiwa kifupi anachoka kidogo. Ukipitisha nusu ya gesi ndani ya koili zile zile kubwa, joto linatoka kwa urahisi zaidi, koili ya nje haihitaji kuwa moto sana, ya ndani haihitaji kuwa baridi sana, na kisima kinafupika.

Tutie namba. Nje ni nyuzi 32, siku ya kawaida ya Februari Mombasa. Kazi ikiwa kamili, tuseme gesi inatoa joto nje ikiwa nyuzi 47 na inafyonza joto ndani ikiwa nyuzi 5. Tofauti ni 42. Kanuni ya Carnot inasema mashine isiyo na hasara yoyote ingetoa kilowati 6.6 za ubaridi kwa kila kilowati moja ya stima (278 gawanya kwa 42, joto likipimwa kwa Kelvin). Sasa punguza kazi hadi nusu: nje tuseme inashuka hadi 40, ndani inapanda hadi 9, tofauti ni 31. Namba inakuwa 9.1. Umepata asilimia 37 bila kubadilisha kitu chochote isipokuwa kasi. Mashine halisi haiokoti yote hiyo, kwa sababu ya bodi, na kwa sababu mota na misokoto ikienda polepole gesi kidogo inavuja kurudi nyuma. Lakini hata ukipoteza theluthi ya faida hiyo, bado kuna robo nzima mkononi.

Kwa hiyo tuchukue mashine ya nguvu farasi 10, ambayo kwenye VRF maana yake ni kilowati 28 za ubaridi. Kwa kazi kamili zote mbili ziwe sawa, kilowati 3.5 za ubaridi kwa kila moja ya stima, yaani kilowati 8 za stima. Sasa jengo linahitaji nusu. Skroli ya dijitali inakula kilowati 8 nusu ya muda na 0.8 nusu nyingine: wastani ni 4.4. Inveta yenye faida ya robo inakula kama 3.2. Jengo likifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na uniti tuiweke Sh25 kwa ajili ya hesabu (weka yako kutoka kwenye bili), dijitali ni Sh330,000 na inveta ni Sh240,000. Tofauti ni Sh90,000 kwa mwaka kwa mashine moja.

Lazima niwe mwadilifu kwa dijitali. Hesabu yangu imeichukulia kana kwamba koili zinajua tu kazi kamili au sifuri, na kwa kweli sekunde 20 ni fupi, koili na gesi iliyomo vinabeba joto kutoka mzunguko hadi mzunguko, hivyo nayo inaonja kidogo faida ya kisima kifupi. Pia kwa kuwa gesi inakwenda kwa nguvu kila msokoto unaposhuka, mafuta yanarudi kwenye kompresa vizuri hata mabomba yakiwa marefu, jambo ambalo inveta inayokwenda polepole inalitatua kwa kukimbia kwa kasi mara kwa mara ili kuyasukuma mafuta. Na bodi yake ni rahisi. Hayo ni mambo ya kweli. Lakini shuka hadi robo ya kazi uone: dijitali inakula 2 kwa kazi na 0.6 kwa bure, jumla 2.6 kwa kilowati 7 za ubaridi. Karibu robo ya stima yote inakwenda kwenye kitanzi kitupu.

Haya, muuzaji wa kwanza na asilimia 60 zake. Nilimwomba mjomba anitumie picha ya ukurasa wa broshua. Namba iliyoandikwa kwa herufi nene ni 6.5, na pembeni kwa herufi ndogo, ESEER. Akaichukua hiyo, akailinganisha na 2.7 ya viyoyozi vya zamani vya mjomba, ambayo ni namba ya kazi kamili nje kukiwa nyuzi 35. Muhogo na papai.

ESEER ni kipimo cha Ulaya ambacho bado kinaonekana kwenye broshua nyingi ingawa wao wenyewe wameshahamia SEER. Kinapima mashine mara nne na kuchanganya majibu: kazi kamili nje kukiwa nyuzi 35 inapewa uzito wa asilimia 3, robo tatu ya kazi kwa nyuzi 30 asilimia 33, nusu kwa nyuzi 25 asilimia 41, na robo ya kazi kwa nyuzi 20 asilimia 23. Soma tena. Asilimia 64 ya namba ile imetokana na hewa ya nyuzi 25 au 20. Kipimo cha Wamarekani cha VRF, IEER, ndicho kikali zaidi kwa upande huu: asilimia 61.7 ya uzito iko kwenye nyuzi 27.5, na vipimo viwili vinavyofuata ni kwenye nyuzi 20 na 18.3.

Mombasa saa nane mchana kuna nyuzi 20 lini? Hata Julai na Agosti, miezi ya baridi, mchana unafika 27 au 28. Ofisi ya mjomba inafungwa jioni kabla upepo haujapoa. Wanaoandika programu wanalijua jambo hili kwa jina lingine: umepima seva yako kwa maombi mepesi yaliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu, ukatangaza kasi, kisha wateja halisi wakaja na maswali mazito. Kipimo si cha uongo. Kimepima kazi ya mtu mwingine.

Hii ndiyo sababu nasema bidhaa nzuri, hesabu mbovu. Kwa hesabu yangu ya hapo juu, inveta dhidi ya dijitali Mombasa inaokoa kama asilimia 27 kwenye nusu ya kazi. Hiyo ni pesa. Laki nne zinarudi kwa miaka minne na nusu hivi, na mtambo unatarajiwa kukaa zaidi ya kumi. Lakini mtu aliyeahidiwa asilimia 60 akachukua mkopo kwa matumaini hayo, akaona bili ya mwezi wa kwanza, ataambia mtaa mzima kwamba inveta ni utapeli. Nami sitaki kusikia hivyo, kwa sababu si utapeli.

Kichekesho ni kwamba Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ya nyuzi 20 na 25 tunayo karibu kila siku. Broshua ile ingekuwa ya kweli huku. Ila huku, kama jengo lako si sanduku la vioo lililoelekezwa magharibi, unafungua dirisha.

Mambo mengine nitayapita haraka. Rotari pacha, ile yenye silinda mbili ndogo zinazosawazishana mtikisiko, usiidharau kwa sababu ni ya mashine ndogo. Skroli imechongwa kwa uwiano mmoja wa kubana, na kisima kikifupika sana inabana gesi kupita kiasi kinachotakiwa halafu nguvu hiyo inapotea. Rotari ina valvu inayofunguka shinikizo likitosha tu, hivyo kwa kazi ndogo inaweza kuishinda skroli. Mota za sumaku za kudumu zinazidi zile za kawaida hasa kwenye kasi ndogo, kwa hiyo inveta yenye mota ya kawaida ni nusu ya safari. Kudunga mvuke katikati ya ubanaji kunasaidia sana wanaopasha nyumba joto kwenye theluji; ukitozwa pesa nyingi kwa ajili hiyo Kisauni, uliza maswali. Na mitambo ya VRF ya zamani ilikuwa na kompresa moja ya inveta ikisaidiwa na nyingine za kasi moja, hivyo neno "inveta" kwenye kibandiko cha mtumba linaweza kumaanisha moja kati ya tatu.

Unyevu sitaupita haraka, maana Pwani ndio nusu ya shida. Koili ya ndani ikipandishwa joto ili kuokoa stima, inaacha kukamua maji hewani. Nyuzi 9 bado inakamua vizuri. Kidhibiti kikiipandisha hadi 15 au 16, bili inapendeza na watu ofisini wanabaki na ngozi ya kunata, halafu mtu anashusha kidhibiti cha ukutani hadi 18, na akiba yote imekwisha. Hapa ni suala la programu, si la chuma. Muulize fundi atakayeufunga mtambo ni nyuzi ngapi ameweka kama kikomo, na kama hajui unamaanisha nini, tafuta mwingine.

Tena kuna ukubwa. Wauzaji wote wawili walimpimia mjomba mashine kubwa kupita kiasi, "kwa usalama". Inveta ina kasi ya chini kabisa ambayo haiwezi kushuka zaidi. Chini ya hapo inazima na kuwaka kama kiyoyozi cha mwaka 1985, na faida yote niliyoeleza inayeyuka. Mashine ya farasi 20 kwenye jengo la farasi 12 itaishi huko chini kila asubuhi na kila jioni. Nilimshauri mjomba aanze na paa la mabati lisilo na dari ya maana ghorofa ya tatu, na vioo vya upande wa magharibi, kisha ndipo apimiwe upya. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na watu wa wakati huo hawakuwa na kompresa yoyote.

Hoja pekee ya muuzaji wa pili iliyoniumiza kichwa ni ya bodi. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, bodi ya inveta ndiyo inayoumia kwanza, na hewa ya chumvi haiisaidii. Bodi moja ikiungua baada ya dhamana kwisha inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Jibu langu ni kinga ya mshtuko wa stima kwenye bei ya kwanza kabisa, si baadaye, na dhamana ya bodi kwa maandishi. Upande mwingine wa mizani, inveta inaanza polepole bila ule mvuto wa ghafla wa mota ya kawaida, ambao unaweza kufika mara tano au zaidi ya mkondo wa kazi, hivyo jenereta inaweza kuwa ndogo. Kwa jengo linalotegemea jenereta mara kwa mara, hilo linabadilisha hesabu.

Kwa hiyo ningenunua inveta, ndogo kuliko aliyopimiwa, na ningekataa kuzungumzia ESEER kabisa. Kitu cha kudai ni kitabu cha data za kihandisi cha mtambo husika. Ndani yake mna jedwali la kilowati za stima kwa kila nyuzi za nje na kwa kila asilimia ya kazi. Chukua mstari wa nyuzi 31 au 33, soma asilimia 70, 50 na 30, kisha zidisha kwa saa zako mwenyewe. Ni mistari kumi ya msimbo, au karatasi na kalamu. Muuzaji asiyeweza kutoa jedwali hilo anauza sanduku.

Ninachokosa ni vipimo vya kweli vya hapa kwetu. Kama jengo unalofanyia kazi, Pwani au Kisumu, lina mita ndogo kwenye mtambo wa VRF, nitumie rekodi ya mwezi mmoja: kilowati kila robo saa, joto la nje, na vyumba vingapi vilikuwa vimewashwa. Jina la jengo sihitaji. Nitaandika programu ya kuzichambua na nitaiweka hapa, msimbo wote wazi, pamoja na grafu.